Chenso ya kukatia kuni Singida: CC ngapi zinatosha, na mambo ya kukagua kabla hujatoa hela

Mvua zikikata mwezi wa tano, Singida inaingia msimu wa kuni. Mama lishe wanajaza stoo, wachoma matofali wanapanga tanuru, na majumbani watu wanaanza kukatakata miti iliyoanguka masika. Hapo ndipo vijana wengi wanapata wazo: ninunue chenso, niwe nakata kuni za watu kwa malipo.

Wazo si baya. Shida inaanzia dukani. Mtu anachagua mashine kwa ukali wa mlio na urefu wa bamba, anarudi nyumbani na mashine kubwa ya kuangushia magogo ya mbao. Baada ya miezi miwili imelala uvunguni mwa kitanda: inakunywa petroli, mgongo unauma, cheni imeisha na spea haipatikani. Mwingine ndiyo kwanza ameanza kazi, inakamatwa kwa sababu hana kibali cha kukata.

Haya hapa ni mambo ya kujua kuhusu chenso ya ukubwa wa kati, yaani msumeno wa mnyororo unaofaa kukatia kuni.

Anza na kuni, mashine baadaye

Kabla hujauliza bei, jiulize maswali matatu:

- Kuni zangu zitatoka wapi? Shamba langu, miti niliyopanda, shamba la mteja, au msitu?
- Magogo mengi yana unene gani?
- Nitakata siku ngapi kwa mwezi?

Kuni nyingi za nyumbani na za mama lishe zinatoka kwenye matawi na magogo yenye unene wa sentimita 10 hadi 30. Mti mnene zaidi ya hapo unatokea, lakini si kila siku. Ukinunua mashine kwa ajili ya ule mti mmoja mkubwa wa mwaka, utabeba uzito wake siku nyingine zote.

CC ngapi zinatosha?

Ukubwa wa injini ya chenso unapimwa kwa CC, kama pikipiki. Kwa kifupi:

- CC 30 hadi 40: ndogo. Inafaa kupunguzia matawi na kuni chache za nyumbani. Ukiibebesha kazi ya kila siku kwenye mti mgumu, inachemka na kuchoka mapema.
- CC 45 hadi 60: ya kati. Hii ndiyo saizi ya mkata kuni. Injini peke yake ina uzito wa kilo 4.5 hadi 6 hivi. Ukiweka bamba, cheni, mafuta na oili unafika kilo 6 hadi 8.
- CC 70 kwenda juu: ya magogo makubwa na kupasulia mbao. Ina nguvu kweli, lakini ni nzito na inakula mafuta.

Mifano inayojulikana: Stihl MS 250 ina CC 45.4, Stihl MS 271 ina CC 50.2, na Husqvarna 450 nayo ni CC 50.2. Zote tatu ni za kati. Stihl MS 381 ina CC 72.2, hiyo tayari ni ya magogo. Ile Stihl 070 ya zamani, ambayo wapasua mbao wengi wa Afrika wanaijua, inapita CC 100. Kuikatia kuni za mama lishe ni sawa na kwenda dukani kununua chumvi kwa lori.

Bamba: inchi 16 au 18 inatosha

Bamba ni kile chuma kirefu ambacho cheni inazunguka juu yake. Kwa CC 45 hadi 60, bamba la inchi 16 au 18 (sentimita 40 hadi 45) linatosha kabisa. Ukikutana na gogo nene kuliko bamba, unalikata upande mmoja kisha unazunguka upande wa pili.

Wauzaji wengine wanafunga bamba la inchi 22 kwenye injini ndogo ili mashine ionekane ya nguvu. Usidanganyike. Bamba refu kwenye injini ndogo linaifanya ifanye kazi kwa shida, cheni inakosa oili ya kutosha, na ncha ya bamba inakuwa mbali na macho yako. Ncha hiyo ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote, tutaifikia.

"58 CC" kwenye boksi: piga hesabu mwenyewe

Kuna mashine nyingi za bei nafuu zimeandikwa 52 au 58 kubwa ubavuni. Wakati mwingine namba hiyo ni jina la modeli tu, si CC halisi. Kitabu cha mashine kikionyesha upana wa pistoni na mwendo wake, unaweza kupima kwa simu yako:

0.785 × upana × upana × mwendo (vipimo viwe vya sentimita)

Mfano, pistoni ya milimita 45.2 yenye mwendo wa milimita 34: 0.785 × 4.52 × 4.52 × 3.4 = CC 54.5 hivi. Siyo 58. Haina maana kwamba mashine ni mbovu, CC 54 inakata kuni vizuri tu. Ila usilipe hela ya CC ambazo hazipo.

Petroli, umeme au betri?

Petroli ndiyo chaguo la anayezunguka mashambani. Inafanya kazi popote, na fundi wa pikipiki mwenye akili anaweza kuisoma.

Ya umeme wa waya inafaa kama unakatia kuni sehemu moja, mfano nyuma ya mgahawa au kwenye yadi ya kuuzia kuni penye umeme. Tafuta ya wati 1,800 hadi 2,400. Haina kuchanganya mafuta, haina kabureta, mlio wake mdogo. Ila waya mrefu na mwembamba unapunguza nguvu na unaweza kuungua, kwa hiyo nunua waya mnene. Usiitumie mvua ikinyesha.

Ya betri ni nyepesi na nzuri, lakini betri moja haimalizi siku ya kazi, na betri ya pili inaweza kukugharimu karibu sawa na mashine. Kwa biashara ya kuni vijijini, bado petroli inaongoza.

Spea ni muhimu kuliko jina

Swali la kwanza kumuuliza muuzaji liwe: "Cheni yake ipo? Plagi ipo? Chujio la hewa lipo? Kamba ya kuwashia ipo?" Mwambie akuonyeshe kwa macho, asikwambie zinakuja wiki ijayo. Kama spea za mashine hiyo mpaka uagize Dar es Salaam, hesabu kwamba kila ikiharibika utakaa siku kadhaa bila kazi.

Cheni ina vipimo vitatu, na vyote lazima viendane na bamba:

- Hatua ya cheni: za kati nyingi ni .325 au 3/8.
- Unene wa meno ya ndani yanayoingia kwenye mfereji wa bamba: milimita 1.3, 1.5 au 1.6.
- Idadi ya meno hayo ya ndani.

Mara nyingi vipimo hivi vimeandikwa kwenye bamba lenyewe, karibu na injini. Vipige picha uviweke kwenye simu. Siku ya kununua cheni mpya hutabahatisha.

Ukaguzi wa dakika kumi dukani

1. Breki ya cheni. Ni ule mkono wa plastiki mbele ya mshikio wa juu. Usukume mbele, usikie "ka!" na cheni igome. Uvute nyuma, cheni iwe huru. Haifanyi kazi? Acha hapo hapo.
2. Kizuizi cha mafuta. Kifyatulio cha mafuta kisibonyee mpaka ubonyeze na kitufe cha juu ya mshikio.
3. Kidaka cheni. Ni kichuma au plastiki ndogo chini ya bamba, kinadaka cheni ikikatika.
4. Mshikio wenye springi au mpira wa kupunguza mtikisiko. Mtikisiko mkali kwa miaka unaharibu mishipa ya damu na fahamu ya vidole, vinakufa ganzi.
5. Iwashwe mbele yako. Ikiwa kwenye sailensa na hujagusa mafuta, cheni isizunguke.
6. Pampu ya oili ya cheni. Elekeza ncha kwenye boksi jeupe, ongeza mafuta. Boksi lipate mstari mwembamba wa oili.
7. Risiti na dhamana, vikiwa na namba ya mashine. Risiti hii itakusaidia pia ukiulizwa mashine umeitoa wapi.

Kwa mashine ya mkononi, ongeza moja: toa plagi na uvute kamba polepole. Ikivutika laini mno bila ukinzani hata ukirudisha plagi, pistoni imechoka.

Mambo ya Singida yenyewe

*Mwinuko.* Singida mjini ipo kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ya petroli isiyo na chaja ya hewa inapoteza nguvu, kwa makadirio asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Mashine iliyorekebishwa Dar inaweza kutoa moshi mwingi na kukosa nguvu ikifika huku. Mwambie fundi airekebishe kabureta hapa hapa. Na ndiyo sababu CC 50 ni salama zaidi kuliko CC 40.

*Vumbi na upepo.* Kiangazi chujio la hewa linaziba haraka. Likung'ute kila unapojaza mafuta, na lisafishe vizuri kila jioni. Kuendesha bila chujio "mpaka nipate jingine" ni kuiua pistoni.

*Mti mgumu na mchanga.* Mgunga, mkambala na mkwaju uliokaukia shambani ni migumu hasa. Halafu magogo yaliyolala chini yanakuwa na mchanga na udongo wa mchwa kwenye magamba. Cheni ikigusa mchanga mara moja tu, makali yamekwenda. Paruza udongo kwa panga kwanza, na nyanyua gogo juu ya kipande kingine kabla ya kukata.

*Mnyaa.* Ua nyingi za Singida ni za mnyaa. Usiukate kwa chenso bila miwani. Utomvu wake mweupe ukirushwa machoni unaunguza vibaya. Ikitokea, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali moja kwa moja.

Mafuta, oili na tupa

Chenso ya petroli haina oili ya injini ya kumwaga kama pikipiki ya kisasa. Oili inachanganywa na petroli. Ukiweka petroli tupu, injini inakwama ndani ya dakika chache na hapo dhamana imekufa.

- Kama kitabu kinasema 50:1, weka mililita 20 za oili kwa kila lita. Dumu la lita 5 ni mililita 100.
- Kama kinasema 25:1, ni mililita 40 kwa lita. Dumu la lita 5 ni mililita 200.

Tumia oili maalumu ya injini za kuchanganya, siyo ya gari. Changanya ya kutumia wiki mbili tatu, usiweke dumu miezi.

Oili ya cheni inakaa kwenye tangi lake. Wengi wanaweka oili chafu iliyomwagwa kwenye gari. Ni bure, lakini ina vumbi la chuma linalosaga bamba na kuziba pampu. Oili safi ya kawaida ni nafuu kuliko bamba jipya.

Tupa ndiyo siri ya mkata kuni. Tumia tupa ya duara inayoendana na cheni: milimita 4.8 kwa cheni ya .325, na milimita 5.2 au 5.5 kwa cheni ya 3/8 ya kawaida. Noa kila unapojaza mafuta mara mbili, au mara tu ukigusa udongo. Kipimo ni rahisi: cheni kali inatoa vipande kama chenga za mahindi, cheni butu inatoa unga. Ukiona unga na unajikuta unaikandamiza mashine, simama unoe.

Usalama: ncha ya bamba ndiyo inaua

Robo ya juu ya ncha ya bamba ikigusa kitu, mashine inaruka nyuma kuelekea usoni kwako, haraka kuliko unavyoweza kukwepa. Kwa hiyo:

- Shika kwa mikono miwili, kidole gumba kizunguke mshikio wa mbele.
- Usikate kwa ncha, usikate juu ya mabega, usikatie ukiwa juu ya ngazi au mtini.
- Simama kidogo pembeni, usiweke kichwa juu ya mstari wa bamba.
- Vaa buti ngumu, suruali ndefu, miwani na vizibio vya masikio. Chenso inapita desibeli 100, wakati masikio yanaanza kuumia kwenye 85 ukikaa muda mrefu. Jinzi haizuii cheni, kwa hiyo ukipata suruali maalumu za kukatia, nunua.
- Ukiangusha mti, watu wote wakae mbali angalau mara mbili ya urefu wake. Watoto wanapenda kuja kuangalia, wafukuze kwanza.
- Usiende peke yako. Beba kitambaa safi kirefu cha kufungia jeraha, na simu yenye chaji.

Hizi kaptura na ndala ambazo tunaona kwenye kazi ya chenso, hapana jamani.

Karatasi kabla ya mashine

Hapa ndipo hela za wengi zinapotea. Kwa Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002, kuvuna kwenye hifadhi za misitu bila leseni ni kosa, na vifaa vilivyotumika vinaweza kukamatwa na kutaifishwa. Miti kama mninga na mpingo imewekewa ulinzi wa pekee. Usiikate kwa sababu tu imeota karibu na shamba.

Msitu wa kijiji nao una wenyewe. Singida inalijua hili kuliko mikoa mingi: Msitu wa Mgori ni kati ya misitu ya kwanza nchini ambayo vijiji vilianza kuilinda vyenyewe miaka ya 1990, kwa sheria ndogo na walinzi wao. Mlio wa chenso unasikika mbali. Huwezi kuificha.

Fanya hivi kabla ya kulipia mashine: nenda kwa Afisa Misitu wa halmashauri yako au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ya wilaya. Uliza taratibu za kumiliki na kutumia chenso, kibali cha kukata, na hati ya kusafirisha kuni. Anzia serikali ya kijiji, upate barua. Ukimkatia mteja miti ya shambani kwake, mwambie aonyeshe kibali kwanza. Kama hana, wewe mwenye mashine ndiye utakayekutwa nayo mkononi.

Soko lenyewe linabadilika

Usinunue mashine kubwa kwa kutegemea tenda za shule. Serikali ilizitaka taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na mwezi Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania mwaka 2034. Wateja wakubwa ndio wa kwanza kuondoka. Waliobaki ni wadogo wadogo, na hao wanahudumiwa vizuri na mashine ya kati.

Piga hesabu hivi. Tuseme mashine, cheni mbili, tupa na vifaa vya kujikinga ni shilingi 900,000, na unategemea kukata siku 60 kwa mwaka kwa miaka miwili. Hizo ni siku 120. Kila siku mashine inakudai 7,500 kabla ya petroli, oili na posho yako. Ukiona siku zako ni 10 tu kwa mwaka, mashine hiyo hiyo inakudai 45,000 kwa siku. Hapo kodi ya mtu, au tumia shoka na msumeno wa mkono.

Na ukitaka biashara idumu, panda. Mjohoro, mwarobaini au mkaratusi pembeni ya shamba ni kuni za kwako, zenye maelezo yanayoeleweka kwa Afisa Misitu. Mjohoro ukikatwa unachipua tena kwenye kisiki.

Kwa kifupi

- CC 45 hadi 60, bamba inchi 16 au 18.
- Breki ya cheni ifanye kazi, spea zionekane kwa macho.
- Rekebisha kabureta huku huku, noa mara kwa mara.
- Kibali kwanza, hela baadaye.

Mashine nzuri ya kuni ni ile ambayo mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza tena, bado inawaka, imejilipa, na wewe bado una vidole kumi.